Mshika Mbili: Yvonne Owuor baina ya Tamasha na Riwaya

Mshika mbili, wamenena wahenga, moja humponyoka. Kauli hii hutajwa kila mara mwandishi anapokubali kubeba ofisi ya sanaa: kwamba barua za wafadhili zitamla na kalamu yake itakauka. Yvonne Adhiambo Owuor, mzaliwa wa Nairobi, ni mtu anayefaa kupimiwa kauli hiyo.

Mwaka 2003 alitunukiwa Tuzo ya Caine kwa hadithi yake "Weight of Whispers", isimuliwayo na mkimbizi wa ukoo wa kitawala kutoka Rwanda ya 1994. Watu wakitaraji riwaya, yeye alikuja Unguja kuongoza Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lijulikanalo pia kuwa Tamasha la Nchi za Jahazi, na akaliongoza hadi 2005. Riwaya yake ya kwanza, Dust, haikutoka mpaka 2013, miaka 10 baada ya tuzo. Mwenye haraka atasema methali imethibitika.

Walakini hesabu ya miaka si hesabu ya fasihi. Jina la nchi za jahazi lenyewe ni hoja: kwamba bahari haikuwatenga watu bali iliwakutanisha, na kwamba Mlamu na mtu wa Maskati ni majirani kabla ya kuwa raia wa dola mbili. Hoja hiyo haimo katika Dust, riwaya ya bara, ya ukame wa kaskazini mwa Kenya na damu iliyomwagika Nairobi mwaka 2007. Imejitokeza katika The Dragonfly Sea ya 2019, ambamo Ayaana, binti wa Pate, anapelekwa China kwa nasaba anayodhaniwa kuwa nayo na mabaharia wa Zheng He wa karne ya 15. Aliyoyatumikia Owuor Ngome Kongwe yalihitaji muda mrefu kuwa riwaya; hayakupotea.

Mpenzi wa ushairi anaijua Pate kwa njia nyingine. Ndiyo aliyoililia Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi. Yeye aliyatazama magofu akaiusia nafsi yake. Owuor anayatazama akauliza ni nani angali anaishi kandoni mwake. Sehemu ya kwanza ya kitabu, penye Munira na manukato yake na Muhidin, baharia aliyerejea na vitabu, ni miongoni mwa kurasa bora zilizoandikwa juu ya visiwa hivi. Safari inaporefuka hadi China na Uturuki, masimulizi yanalegea na sadfa zinazidi.

Lipo zito kuliko hilo. Wahusika hawa wanafikiri kwa Kiswahili, lakini kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kimenyunyizwa humo kama marashi mkononi mwa mgeni. Filamu ikionyeshwa uwanjani, hata asiyejua lugha yake huambulia kitu kwa macho. Riwaya haina rehema hiyo. Bibi wa Siyu au Faza asiyesoma Kiingereza hana pa kuingilia katika kitabu kinachosimulia kisiwa chake.

Kwa hiyo methali haikumpata Owuor: alishika mbili, na ya pili ilikomaa kwa sababu ya ya kwanza. Kilichosalia ni kazi ya wafasiri, nayo yataka mtu wa pwani, mwenye sikio la utenzi, aifanye kwa subira ileile.