Pete, Kamani na Meno: Kisu Kipya Kutoka Mnadani

Nilikisikia kabla ya kukiona. Jumamosi ile, mnadani Msalato, kaskazini ya mji wa Dodoma, katikati ya moshi wa nyama ya mbuzi na vumbi la kwato za ng'ombe, ilinijia sauti kavu ya chuma kikigonga chuma, mara nne mfululizo. Na nilipogeuka nikamwona muuzaji akikunjua kisu kipya polepole, makusudi, ili sauti yenyewe imwitie wateja, nami niliyekwenda kutafuta kamba za mizabibu nikarejea nyumbani na kisu, bila kamba.

Kisu hiki ni cha nasaba ya Okapi, kisu kilichoanza kufuliwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani barani Afrika, nchi yetu ikiwamo, miaka minane kabla ya reli kufika hapa Dodoma. Na jina lake ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanazuoni wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu nyuma. Okapi wa leo hutoka Afrika ya Kusini, ilhali changu ni kazi ya fundi mwingine, asiyeandika jina, aliyeiga umbo lile.

Ustadi wote umo mgongoni. Hapo imelazwa kamani, yaani ufito mwembamba wa pua uliokazwa kwa ribiti upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili, na karibu na ncha iliyo huru pametobolewa tundu. Shina la bapa nalo, pale linapozunguka juu ya msumari wake, limechongwa meno, ambayo kila moja likipita huinua kamani kidogo kisha huzama tunduni, na kuzama huko ndiko kunakotoa ile sauti. (Kwa mwenye nia ya kumvizia mtu gizani, kisu hiki ni msaliti mkubwa.) Meno yameinamishwa upande mmoja, basi bapa hukubali kufunguka na hukataa kukunjwa, mpaka uivute pete iliyotiwa kwenye kamani.

Opinel, kisu cha kukunja cha Wafaransa kilichoanza mwaka 1890, kilitegemea mkazo wa mpini tu hata mwaka 1955, ndipo kikatiwa pete ya kuzungushwa shingoni. Ni pete nzuri, lakini sharti uikumbuke. Meno ya kisu changu hujifunga yenyewe, na kwa mkono uliojaa mafuta ya nyama hiyo ni fadhila isiyo haba.

Bapa ni la pua yenye kushika kutu. Pwani, penye hewa ya chumvi, ningalilipaka mafuta kila jioni. Huku, mita zipatazo 1,100 juu ya bahari, ambako takriban miezi saba ya mwaka hupita pasi na mvua ya kutajika, adui ni vumbi, ambalo hujaa tunduni hata jino lisizame barabara, nalo huondoka kwa pumzi moja na unyasi, maadamu kila kitu ki wazi wala hakuna kificho cha kufungua kwa bisibisi.

Ila zake sikuzificha. Makali yalikuja butu, nikakaa na kinoo tangu adhuhuri hadi alasiri. Na bapa lilitikisika ubavuni, kwa upana wa unywele labda, lakini mkono huhisi.

Mzee wa Kigogo, jirani yangu, akapita. "Mbukwa, mwanangu." Akakipokea, akakifungua na kukifunga akisikiliza, kichwa kimeinama. "Kimelegea kiunoni," akasema. Akalaza kichwa cha msumari wa bapa juu ya jiwe, akakigonga kwa jiwe jingine mara tatu, taratibu, akijaribu bapa baada ya kila pigo, na pigo la tatu likawa la mwisho, kwa kuwa la nne, alisema, lingekifanya kigumu kama mlango uliovimba. Kisha akakata kikonyo cha mzabibu wangu, akatazama jeraha lake lilivyo laini, akakikunja kisu, akakitia mfukoni mwake.

"Nitakirudisha jioni," akaniambia.

Leo ni siku ya tatu.