Ritifaa ya Chang'ombe na Nukuu ya Dola

Anayetunza orodha ya mitaa katika PostgreSQL hasumbuliwi na jina la Zegereni, Kibaha. Usumbufu huanza akifika Chang'ombe, kwa kuwa SQL hufungua na kufunga maandishi kwa ritifaa, hivyo ya ndani sharti irudiwe: `'Chang''ombe'`. Hadi toleo la 7.4, mwili wa funkisheni nao ulifungwa kwa ritifaa, kila ya ndani ikarudiwa tena, na jina hilo likawa `''Chang''''ombe''`. Ukiruka moja, psql, programu ya mteja ya PostgreSQL, ama inatuma amri nusu kwenye seva, ama inabaki ikisubiri mwisho usiofika.

Toleo la 8.0, la Januari 2005, lilileta nukuu ya dola: mwili huanza na `$$` na kuishia na `$$`, na yaliyomo huandikwa kama kawaida. Mwili ukiwa na `$$` nyingine ndani, alama za nje hupewa jina, mfano `$mwili$`. Ninavyoona, nguvu ya suluhisho hili haiko kwenye dola, iko mahali kanuni ilipowekwa. Iliingizwa katika lugha ya seva yenyewe, na psql ikafundishwa kuitambua ili nukta mkato iliyo ndani isihesabiwe kuwa mwisho wa amri. Hilo huonekana kwenye skrini: ukiwa katikati ya mwili, kidokezo cha `=#` hugeuka `$#`.

Wapo watakaosema DELIMITER ya MySQL, inayobadilisha alama ya kufunga amri, ni nyepesi zaidi. Ni nyepesi kweli, ila hueleweka na programu ya mteja tu. Faili lenye DELIMITER likitumwa moja kwa moja kwenye seva hukataliwa. Wengine watakumbusha kwamba bash hugeuza `$$` kuwa namba ya mchakato. Ni kweli, na dawa ni kuweka amri kwenye faili na kulisoma kwa `psql -f`. Pingamizi zito ni kwamba mwili ulionukuliwa hubaki maandishi matupu machoni pa seva. Toleo la 14, la 2021, lilijibu kwa `BEGIN ATOMIC`, ambapo mwili huchambuliwa funkisheni inapoundwa, lakini ni kwa funkisheni za SQL pekee. Anayeandika PL/pgSQL bado anahitaji nukuu, na ya dola ndiyo inayofaa. Aipe jina, aachane na kuhesabu ritifaa.