Kumnadi Mchezaji na Kuukuza Mchezo

Katika soko la Tumbe, kaskazini mwa Pemba, samaki huuzwa kwa mnada. Mnadi hodari aweza kumpandisha bei changu wa kawaida kwa ufundi wa kauli yake tu. Lakini hajatokea bado mnadi aliyeongeza samaki baharini. Tofauti hiyo ndiyo inayotushughulisha hapa, kwani husikika mara kwa mara rai kwamba mchezo usiopendwa na wengi utapendwa iwapo mchezaji wake mmoja atafanywa nyota, picha yake ibandikwe kila ukuta na jina lake litajwe kila saa redioni.

Rai hiyo ina ushahidi wake, na si haki kuupuuza. Mfano mashuhuri watoka katika mpira wa magongo uchezwao juu ya barafu. Mwezi Agosti 1988 klabu ya Edmonton, nchini Canada, ilimwuza Wayne Gretzky, aliyekuwa bingwa wa mabingwa wa zama zake, kwa klabu ya Los Angeles, mji ambao wengi wa wakazi wake waliijua barafu ya kwenye gilasi tu. Watu wakafurika kumtazama, na haikupita miaka mingi jimbo la California likapata klabu mbili zaidi za kulipwa: San Jose mwaka 1991 na Anaheim mwaka 1993. Wasimulizi wa kisa hiki aghalabu hukomea hapo. Husahau kwamba Edmonton, iliyobaki bila nyota wake, ilitwaa ubingwa tena mwaka 1990. Kule mchezo ulikuwa mali ya kila mtoto wa mtaani, na kuondoka kwa mtu mmoja hakukuuondoa. Husahau pia kwamba California ilikuwa na fedha za kugandisha maji ndani ya majumba, hata mtoto aliyevutiwa na Gretzky jioni akapata pa kuteleza kesho yake.

Tuutazame sasa mpira wa magongo wa nyasini katika nchi zetu. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza lililochezwa Barcelona, Kenya ilishika nafasi ya nne. Beki wake Avtar Singh Sohal alicheza katika Olimpiki nne, tangu 1960 hadi 1972. Ikiwa nyota hutosha kuukuza mchezo, basi huyu angetosha. Tanzania nayo ilikwenda Moscow mwaka 1980, baada ya mataifa kadhaa kususia michezo ile, ikafungwa na India mabao 18 kwa bila. India ndiyo iliyoondoka na dhahabu, kwa hiyo hatuna haja ya kuwacheka vijana wetu. La kujiuliza ni hili: ni mwanafunzi gani leo awezaye kumtaja hata mmoja wao? Mchezo ulikaa zaidi katika klabu na shule chache za mijini; kisha, tangu Olimpiki ya Montreal ya 1976, ukahamia kwenye nyasi za bandia, ambazo gharama yake si ya shule ya kijiji.

Lakini mfano unaostahili uhakiki zaidi ni filamu fupi ya matangazo iliyotolewa mwaka 2018 na kampuni ya kahawa ya Canada, Tim Hortons. Inawahusu Ice Lions, vijana wa Nairobi waliojifunza mchezo wa barafuni katika kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari, nao hawakuwa na timu ya kushindana nayo. Wanapelekwa Canada, na huko, ghafla, nyota wawili, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wanajitokeza kucheza upande wao. Furaha ya vijana wale si ya kuigiza, na vifaa walivyopewa vilikuwa vya kweli. Hata hivyo, mtazamaji anaondoka akiyakumbuka majina ya nani? Ya wageni wao. Shida iliyotangazwa na filamu yenyewe ilikuwa kukosa mpinzani, na nyota wawili wa kupita hawawi mpinzani wa kila Jumatano. Kenya ilipokubaliwa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo mwaka 2024, ilikuwa ni kwa sababu kuna watu waliobaki Nairobi wakifundisha watoto baada ya kamera kuzimwa.

Hapo ndipo Tumbe inapotufaa. Kijiji hiki kinajulikana kwa mashindano ya mitumbwi, ambayo desturi yake ni kufanywa Oktoba au Novemba, wanaume wakiisukuma mitumbwi kwa pondo badala ya makasia, na siku ikaishia kwa karamu. Hodari wa pondo hana haja ya tangazo: waliomwona akishinda ni wale wale wanaomwona akivua, na kijana anayemhusudu anao upondo nyumbani. Sisemi kwamba mashindano haya hayahitaji kutangazwa. Yanahitaji, tena sana, maana vijana wengi wa Pemba wanayafahamu mabao ya Ulaya kuliko maji ya ghuba yao. Ila anayekuja kuyatangaza na amtangaze mshindi pamoja na aliyemfuata kwa karibu, ataje na kijiji cha kila mmoja, na gharama ya bango la pili aitoe kwa mtumbwi wa wavulana.