Ngama Iliyosahauliwa: Chombo na Bahari katika Ushairi wa Visiwani

Aina za tungo katika ushairi wa Kiswahili huitwa bahari. Utenzi ni bahari, shairi ni bahari, wimbo ni bahari. Silabi zinazofungia vipande huitwa vina, na kina ndicho kile akipimacho baharia anapotia bildi majini. Asili ya maneno hayo huenda si moja, lakini sikio la mtu wa kisiwani huyasikia pamoja. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alipoiita diwani yake ya mwaka 1984 Kina cha Maisha, jina hilo halikuhitaji sherehe kwa msomaji wa pwani.

Kwa lugha iliyojengwa hivi juu ya maji, inastaajabisha kuona jinsi bahari ilivyopungua kina katika tungo nyingi za leo. Bahari imo, tena tele. Lakini ni bahari ya mtu aliyesimama ufukweni. Chombo ni maisha, nahodha ni kiongozi, dhoruba ni misukosuko, bandari ni salama ya mwisho. Sitiari hizi ni za kale, na ukale wake si aibu. Zilipoanza zilisemwa na watu waliojua kamba ipi huvutwa upepo ukigeuka, na waliowasikiliza walijua vilevile. Leo sitiari imebaki, kamba haimo.

Pemba haina udhuru wa kuisahau kamba hiyo. Mkondo unaokitenga kisiwa hiki na bara una kina cha mamia ya mita, na kabla ya ndege hakikuingia wala kutoka kitu ila kwa chombo. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo ghala la karafuu. Magunia yakateremshwa Wete, Chake Chake na Mkoani, yakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Hori ya Chake Chake huingilika maji yakijaa. Anayechelewa hupwelewa, akakaa juu ya tope akingoja maji mengine. Wavuvi wa Kojani huwafuata samaki mbali, wakapiga dago katika fukwe za ugenini, na miezi yao huhesabiwa kwa kaskazi, kusi na tanga mbili. Yote hayo ni kazi, na kila kazi ina majina yake: mkuku, taruma, foromali, farumi, pamba ya kalafati, deheni ya kupaka chini ya chombo, na sifa, yale mafuta ya papa ambayo watungaji wa kasida wangefaa kuyakumbuka kila wanapomsifu mtu.

Hasara ya kupotea kwa majina hayo huonekana vyema katika methali ambayo watoto huifunzwa skuli: Hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Aghalabu hufasiriwa kwamba mtu, azunguke vipi, mwisho hurudi kwao. Fasiri hiyo si ya uongo, ila imeacha nusu ya maneno nje. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Huko ndiko kwenye upepo, usukani na heshima. Ngama ni chini, mahali ambapo maji yapenyayo mbaoni hukusanyika, na ambapo hapana budi mtu ashuke kuyafua, usiku na mchana, chombo kisije kikazama. Kwa hiyo methali haimrejeshi mtu kwenye starehe za nyumbani. Inamrejesha kazini, penye maji machafu, pasipo na cheo. Nahodha aliyeisahau ngama hana chombo kwa muda mrefu. Methali iliyokuwa onyo imegeuka wimbo wa kumbembelezea mtoto, kwa sababu ya neno moja lililopotea.

Tofauti baina ya bahari ya ufukweni na bahari ya chomboni hudhihirika kwa Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021. Alikuwa mvuvi na baharia kabla ya kujulikana kwa diwani yake, Kimbunga, ya mwaka 1994. Katika shairi lililoipa diwani hiyo jina lake, upepo unaing'oa mibuyu na kuisaza minazi. Wahakiki wameliona fumbo la wakubwa kuanguka na wanyonge kusalimika, na fumbo hilo limo. Lakini linasimama kwa sababu chini yake pana maarifa ya upepo: mti mnene huipokea dhoruba kwa kifua, mnazi huinama ukaipisha. Ndivyo afanyavyo baharia anapotua tanga. Fumbo la Haji Gora linasadikika kwa kuwa kitu alichokifumbia kinasadikika kwanza.

Upo ushahidi mwingine, nao umo katika kitenzi kimoja. Chombo kinachokwenda kinyume cha upepo husemwa kinabisha: huukata upepo kwa upande huu, kikageuza tanga, kikaukata kwa upande wa pili, hata kikafika. Watu wanaopingana kwa hoja nao hubishana. Msomaji wa Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu cha mwaka 2011 kilichokusanya tungo za Kamange na Sarahani, atafaidika akiuingia ulimwengu wa kujibizana kwa tungo akiwa na kitenzi hicho mkononi. Shairi linalojibu shairi halimsukumi mpinzani kwa kifua. Hulichukua neno lake na vina vyake, kama tanga lichukuavyo upepo usiotakiwa, likasogea mbele kwa nguvu za yule yule anayelipinga. Ufundi huo haukutoka katika vitabu vya arudhi peke yake.

Yote haya yangebaki mazungumzo ya wapenzi wa maneno lau si usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. MV Spice Islander I iliondoka Unguja kuja Pemba, ikazama upande wa Nungwi. Tume ya uchunguzi ilieleza mwaka 2012 kwamba ndani mlikuwa na watu zaidi ya 2,000, katika meli iliyoruhusiwa kuchukua mamia tu. Vijiji vya Pemba vilikaa matanga.

Maombolezo yana wajibu wa kuliwaza, na anayeyalaumu kwa machozi yake hana adabu. Hata hivyo, upo mtindo mmoja wa kuomboleza, wa kale kuliko msiba huu, ambao hapana budi uulizwe. Ndani yake mkosaji ni bahari: bahari imekula, bahari imemeza, bahari haina huruma. Au mkosaji ni saa iliyofika. Muumini haikatai kadari. Naye huyohuyo amefunzwa kumfunga ngamia kabla ya kutawakali. Bahari ya Nungwi usiku ule haikuhesabu abiria. Haikukata tiketi, wala haikutoa ruhusa ya kung'oa nanga. Shairi linalomwita muuaji kwa jina la bahari huwaacha waliofanya hayo waende zao, tena kwa vina.

Hapa ndipo neno farumi linapokuwa neno la haki. Baharia wa zamani alijua kwamba uzito una mahali pake: ukiwekwa chini hukituliza chombo, ukirundikwa juu hukipindua. Mtunzi mwenye maarifa hayo hawezi kulia bila ya kuuliza nani alipakia, alipakia nini, na wapi. Swali huja lenyewe pamoja na istilahi. Mtunzi asiye nayo atalia vizuri, mizani yake itatimia, na hatamsumbua mtu.

Atasema mwenye kusema kwamba foromali na deheni ni mambo ya makumbusho, kwamba Mkoani siku hizi hupokea meli za chuma na vijana hupanda boti za fiba zenye mashine. Ni kweli, na hakuna anayemtaka mshairi kijana anakili msamiati wa babu yake. Anachotakiwa ni kufanya walichofanya wazee, yaani kukijua chombo cha zama zake. Meli ya chuma nayo ina ngama yake. Ina pampu za kutolea maji, ina orodha ya abiria, ina jaketi za kuokolea zinazohesabika, ina mstari uliochorwa ubavuni kuonyesha mwisho wa kuzama kwake kwa mzigo. Mstari ule ni mshororo usomwao na wachache, na roho za wengi zinautegemea. Anayetafuta maudhui mapya ya bahari asitazame mbali; ashuke gatini, ausome, kisha atunge.

Ushairi wa visiwani haukosi tezi wala omo. Waimbao mbele wapo, na washikao usukani wa kanuni wapo. Chini maji yanaingia, kama yalivyoingia siku zote katika kila chombo kilichoundwa na mwanadamu, na kuyafua ni kazi ya aliye tayari kushuka ngamani.