Kamera Imesimama Wapi? Somo la Kericho kwa Wanafunzi wa Runinga

Tarehe 20 Februari 2023, BBC ilirusha makala ya uchunguzi kuhusu mashamba ya chai ya Kericho, Sex for Work: The True Cost of Our Tea, iliyotayarishwa na kitengo cha Africa Eye pamoja na kipindi cha Panorama. Mwanahabari Tom Odula alizungumza na wanawake waliofanya kazi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Zaidi ya wanawake 70 walieleza kwamba wasimamizi wao waliwadhulumu kingono. Mwanahabari mwingine, aliyeitwa Katy ili jina lake halisi lisijulikane, aliomba kazi katika mashamba hayo akiwa na kamera ya siri.

Maovu yaliyofichuliwa yamezungumzwa sana, na ni haki yazungumzwe. Hapa nataka kuchambua namna yalivyopigwa picha, kwa sababu kijana wa Kericho au Bomet anayesomea utayarishaji wa vipindi hatapata kitabu cha kiada kilicho karibu naye kuliko makala hii. Nguvu yake ilitokana na mahali kamera iliposimama. Mwanafunzi akijua kusoma mahali hapo, atajua pia kukosoa kazi ya wengine na kuipima yake mwenyewe.

Kijani kinachoficha

Nchi ya chai humrahisishia mpigapicha kazi. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo ya ikweta. Asubuhi hewa huwa safi na mwanga laini. Mchana unyevu wa Ziwa Victoria hupanda milimani, mawingu yakafunga, na mvua ikanyesha, mara nyingine ya mawe. Panda kilima chochote kwenye barabara ya kwenda Litein, au vuka hadi Konoin upande wa Bomet, elekeza lenzi bondeni, na fremu itajaa kijani hadi upeo wa macho. Ukirusha droni, uzuri unaongezeka maradufu.

Shoti hiyo ina kazi yake: inaonyesha ukubwa wa shamba. Lakini angalia inavyomtendea mchumaji. Kutoka angani yeye ni nukta. Kutoka barabarani, michai iliyopogolewa hadi kiunoni humfunika nusu, tukabaki na kichwa, mabega na kikapu. Mwanga nao humgeuka. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe, huchukulia kwamba wastani wa kila mandhari ni kijivu cha kati. Ukungu mweupe nyuma ya mchumaji huidanganya, ikabana mwanga, na uso mweusi ukazama kizani huku majani yakiendelea kung'aa. Mwanafunzi asiyefungua lenzi kwa stopu moja ya mwanga au zaidi amechagua jani akaacha uso, hata kama hakukusudia.

Nikikaa na wanafunzi kutazama vipindi kuhusu chai, vya runinga zetu na vya nje, swali langu la kwanza huwa hili: nani anaonekana uso? Mara nyingi ni meneja, mgeni au mtangazaji. Mchumaji huonyeshwa mikono, tena kwa karibu sana, ikikata majani mawili na chipukizi. Ni shoti ya kupendeza, na mwalimu yeyote angeipa alama nzuri kwa fokasi. Ila kipindi kizima kikijengwa kwa shoti hizo mbili, ile ya angani na ile ya mikono, mtu mwenyewe anakuwa ameondolewa katika hadithi yake.

Kamera inayovaliwa

Mwanafunzi anapotazama picha za kamera ya siri kwa mara ya kwanza, hukosoa upesi: fremu imepinda, kichwa kimekatwa, chumba kina giza, sauti inakwaruza. Kwa kanuni za studio, yuko sahihi. Ila kabla hajaandika alama, ajue chombo chenyewe kinavyofanya kazi.

Lenzi ya siri ni ndogo mno. Kwa kawaida ni pana, na fokasi yake haibadilishwi, ili karibu kila kitu kuanzia umbali wa hatua moja kiwe wazi kiasi. Sensa yake ndogo haimudu giza, kwa hiyo picha za ndani hujaa chembechembe. Mtu akisimama mbele ya dirisha, kamera hufuata mwanga wa nje na kumfanya awe kivuli. Aliyeivaa hana kioo cha kutazamia. Fremu yake huipanga kwa mwili: anachagua kiti, anageuza kifua, anarudi hatua moja ili uso wa anayezungumza uingie. Shali ikiteleza, lenzi imezibwa. Maikrofoni iliyo chini ya nguo husikia kwanza msuguano wa kitambaa, na hata hivyo sauti ndiyo nguzo ya kazi nzima, maana picha hutuambia ni nani na sauti hutuambia alitaka nini. Ndiyo maana kurekodi huanza kabla ya kuingia na kuendelea hadi baada ya kutoka bila kusimamishwa, ili pasiwe na wa kudai kwamba maneno fulani yalikatwa.

Ukishayajua hayo, kasoro nyingine hugeuka kuwa habari. Fremu inayorudi nyuma ghafla inatuambia kwamba mtu anarudi nyuma. Na kuna jambo kubwa zaidi, ambalo naona ndilo somo kuu la makala hii. Kamera iliyowekwa juu ya tripodi pembeni mwa chumba ingemwonyesha mwanamke akisumbuliwa. Kamera iliyovaliwa na mwanamke huyo inamwonyesha anayesumbua. Mwili wa Katy hauwekwi mbele yetu tuutazame. Tunawekwa mahali pake, na tunayemtazama ni mwenye mamlaka. Runinga imezoea kuthibitisha dhuluma kwa kuonyesha machozi ya aliyedhulumiwa. Hapa mzigo wa kuonekana umehamishiwa kwa anayepaswa kujibu.

Hotuba ya mchana, mwaliko wa jioni

Uhariri nao una somo lake. Kwa mujibu wa uchunguzi huo, Katy alialikwa kwenye siku ya kuwapokea wafanyakazi wapya katika shamba la Unilever. Meneja mmoja alisimama akahutubia kuhusu sera ya kampuni ya kutovumilia dhuluma za kingono. Kisha meneja huyo huyo akamwalika Katy wakutane jioni katika baa ya hoteli, na huko akamtongoza.

Lev Kuleshov, mwalimu wa filamu wa Urusi, alionyesha karne moja iliyopita kwamba maana huzaliwa pale shoti mbili zinapokutana. Hapa hotuba peke yake ni habari ya kawaida ya kampuni, na baa peke yake ingeweza kuitwa tabia ya mtu mmoja. Zikiwekwa pamoja, mtazamaji anaona jinsi sera inavyoweza kutamkwa na mtu yule yule anayeivunja. Mwanafunzi atakayejaza pengo hilo kwa muziki wa kutisha na msimulizi mkali atakuwa amempokonya mtazamaji hitimisho ambalo angelifikia mwenyewe.

Angalia pia mahali penyewe. Kwa upande wa James Finlay, mahojiano ya kazi aliyoitiwa Katy yalikuwa katika chumba cha hoteli. Kwa upande wa pili ni baa. Baadaye, alipokuwa katika kikosi cha palizi, msimamizi mwingine alimshinikiza. Mambo haya hutokea pale kazi inapogawanywa: nani aajiriwe, nani apewe palizi, nani aandikwe kesho. Hakuna droni inayoweza kupiga picha ya mgao wa kazi. Mpigapicha anayetaka kueleza maisha ya kibarua inambidi ajue mamlaka yanakaa wapi, kisha asogeze kamera huko.

Kuficha mtu bila kumfuta

Mwanamke anayesimulia dhuluma huku bado anaishi jirani na aliyemtendea anahitaji kufichwa kweli kweli, na hapa ndipo wanafunzi wengi hujiamini kupita kiasi. Njia inayopendwa ni kumkalisha mbele ya dirisha ili awe kivuli cheusi. Lakini kamera za leo huhifadhi maelezo mengi gizani. Mtu akipakua video hiyo na kuongeza mwangaza kwa programu ya kawaida ya simu, uso unaweza kurudi. Weusi huo lazima upangwe kwa taa tangu mwanzo, kisha uzimwe kabisa katika uhariri. Ukungu wa kuziba uso nao uwe mzito na uwe sehemu ya faili ya mwisho. Sauti iliyoteremshwa au kupandishwa inaweza kurudishwa ilivyokuwa, kwa hiyo ni salama zaidi maneno yasomwe na mtu mwingine.

Katika nchi ya chai kuna hatari nyingine. Nyumba za wafanyakazi wa kampuni hupangwa kwa mistari na hufanana, lakini mwenyeji hutambua mlango, pazia, mti ulio mbele, hata mkao wa kilima dirishani. Mikono ile ile tunayopenda kuipiga kwa karibu ina makovu na pete zinazojulikana kijijini. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha kamera, mwanafunzi aangalie ukuta kama jirani atakavyouangalia. Na baada ya kuhariri, mhusika mwenyewe aitazame kazi kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayejua jirani zake watamtambua kwa kitu gani.

Nani alitoa ruhusa?

Kamera ya siri ni udanganyifu, hata ikiwa na nia njema, na inastahili kuwa njia ya mwisho. Katika miongozo ya BBC, kurekodi kwa siri huhitaji ushahidi wa awali kwamba uovu unaosemwa upo, na huidhinishwa mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena kabla ya kurusha. Hatua hiyo ya pili ni muhimu, kwa sababu kupata picha hakumaanishi kuwa na haki ya kuionyesha. Kanuni za maadili zilizoambatishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 hapa Kenya nazo zilimtaka mwanahabari ajitambulishe, na ziliruhusu hila pale tu maslahi ya umma yalipodai na habari haikuweza kupatikana kwa njia nyingine. Kazi ikifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyotolewa na kifaa kilichotumika kuitoa. Aliyefuta faili ya awali ili apate nafasi kwenye kadi huenda amejifungia mlango huo.

Nasisitiza hili kwa wanafunzi: msiige kazi ya Katy kwa ajili ya alama za darasani. Nyuma ya mwanahabari wa siri wanahitajika wahariri, mawakili na watu wa usalama waliokaa karibu, tayari kuingilia. Kijana aliye peke yake na kamera ya kifungo aliyoinunua mtandaoni hana hata mmoja kati ya hao.

Uzito wa maneno ya wanawake 70

Baada ya makala kurushwa, kampuni ziliwasimamisha kazi watuhumiwa, Starbucks ikasitisha ununuzi wa chai kutoka James Finlay Kenya, na Bunge la Kenya likataka uchunguzi. Picha ilifanya kazi upesi. Lakini malalamiko hayakuanza mwaka huo. Mwaka 2011, shirika la utafiti la Uholanzi, SOMO, lilichapisha ripoti kuhusu hali ya kazi katika mashamba ya Unilever, na dhuluma za kingono zilitajwa humo. Wanawake walikuwa wamesema. Maneno yao yaliwekwa kwenye karatasi, na miaka 12 ikapita.

Hili linaniuma, na nadhani linapaswa kumuuma kila anayefundisha au kusomea fani hii. Tukiwafunza vijana kwamba kamera ya siri ndiyo iliyoleta ukweli, tutakuwa tumewaambia wanawake wa mashambani kwamba neno lao halina thamani mpaka libebwe na lenzi. Picha za Katy zilionyesha wanaume wachache katika vyumba vichache. Kwamba jambo hilo ni mtindo, tena katika mashamba ya kampuni mbili, tulilijua kutoka kwa wale zaidi ya 70 waliokubali kuketi na kusimulia. Kamera ya siri ilithibitisha walichosema, na ndiyo nafasi yake halali.

Somo la maigizo na filamu sasa limo katika mtaala wa sekondari ya juu, na vijana wa Kericho na Bomet watashika kamera wakiwa wadogo kuliko sisi. Napendekeza ukosoaji wa darasani uanze mahali pengine. Badala ya kuuliza kwanza kama fremu imenyooka, tuulize kamera imesimama upande wa nani, na aliyepigwa picha atabaki na nini gari la runinga likishaondoka. Mwanafunzi akijibu hayo kwa ukweli, atarudi kwenye stopu, fokasi na sauti akiwa na sababu ya kuzipata sawasawa. Ufundi huo atauhitaji sana, kwa sababu safari hii atakuwa anautumia ili mchumaji aonekane uso pale anapotaka kuonekana, na asitambulike kabisa pale ambapo kutambulika kutamgharimu kazi au uhai.