Mtoto Ameshaota Meno?

Wiki mbili kabla ya Idi simu inaita chini ya mwembe mmoja wa Maneromango, na fundi mzee anaiweka tezo yake juu ya gogo, anajifuta mikono kwenye msuli, ndipo anapokea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hamjambo huko Mbagala?"

Anayepiga anataka kitu cha kumpa mtoto wa dada yake siku ya sikukuu. Kitu gani, hajui. Anataka kiwe cha mbao, kiwe kizuri, na kiwahi. Mzee hataji bei. Anauliza kama mtoto ameshaota meno. Anakaa mwenyewe, au bado anaegemezwa mito? Akishika kitu anakipeleka mdomoni au anakitupa? Upande wa pili kimya, kisha inasikika sauti ikimwuliza mtu aliye jikoni. Majibu yanarudi: meno mawili ya chini yametoka, kukaa anakaa, na kila anachoshika ni mdomoni.

"Haya, nimekuelewa," anasema mzee, na hapo hapo anaanza kupekua vipande vya mti vilivyolala kivulini tangu kiangazi kilichopita.

Anachokichagua ni kipande cha mwembe kilichokauka sawasawa. Mpingo anao, lakini mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama, na mtoto wa miezi saba anaweza kujipiga nao usoni. Kwa tezo anapunguza hadi kipande kinapata umbo la mchi mdogo, mnene huku na huku, mwembamba katikati. Kisha anashika kisu, na kazi inakuwa ya polepole. Shingoni mwa mchi ule anaacha mzingo wa mti, anaukata chini kwa ncha ya kisu, kidogo kidogo, akiuzungusha mchi kwenye goti, mpaka mzingo unaachia na kuwa pete iliyo huru. Pete hiyo imezaliwa humo humo. Haikuvishwa, kwa hiyo haiwezi kuvuka kichwa cha mchi upande wowote. Ukitikisa, inagonga. Mtoto akiutafuna mchi, hakuna cha kung'oka.

Baada ya hapo ni msasa, kisha kitambaa chenye mafuta ya nazi. Rangi hapana, vanishi hapana. Mtoto atakula chochote kitakachopakwa.

Viwanda vya Ulaya na Marekani vina kopo dogo la kupimia hatari, lenye upana wa milimita 31.7. Kitu kinachozama chote ndani ya kopo hilo hakiruhusiwi kwenye vifaa vya kuchezea vya mtoto aliye chini ya miaka 3, kwa sababu kinaweza kumkaba. Mzee hukutanisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada. Kinachopita kwenye duara hilo hakiondoki barazani kwake. Jirani mmoja aliwahi kumletea turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, azitie kwenye kibuyu cha kutikisa maana zinapendeza na zinalia vizuri. Alizikataa. Turituri zina sumu kali, na kibuyu hupasuka. Yeye hutia choroko kwa mtoto mdogo, punje za mahindi kwa aliyezidi umri kidogo. Choroko hunong'ona, mahindi hugonga. Mtoto mchanga, kwa maelezo yake, huanzishwa na mnong'ono.

Ufundi wa namna hii huanzia kwenye swali. Wanaojua kuchonga wapo wengi, na wachongaji wa Mwenge jijini Dar es Salaam wanaweza kuchonga twiga kumi kabla ya adhuhuri. Kumjua mtoto anayechongewa ni elimu nyingine. Anayetambaa apewe kitu kinachobiringika bila kufika mbali, ndiyo maana gurudumu lake huachwa na nundu upande mmoja: linasogea, linasita, linamsubiri. Anayesimama kwa kushika kuta anahitaji kile kigari cha magurudumu matatu cha kujifunzia kutembea, chenye mti wa kushika mbele. Fundi mzuri huyakaza magurudumu yawe mazito mwanzoni, kisha mwenye mtoto huyalegeza kadiri miguu inavyopata nguvu. Akishaanza kukimbia, mpe pia ya kuchapa kwa kamba, mpe gurudumu la kusukuma kwa kijiti. Na mpe nafasi uani.

Uzaramo, nchi ya fundi huyu, hauna haja ya kufundishwa na mtu kwamba kitu kidogo cha mti kinaweza kudumu kuliko aliyekichonga. Huku ndiko nyumbani kwa mwana hiti, kitoto cha mti kilichovuka bahari na kuingia kwenye makabati ya vioo ya Berlin na London. Si zawadi ya sikukuu, na si cha mtoto mchanga. Ni cha mwali, aliyewekwa ndani baada ya kuvunja ungo. Hukabidhiwa akilee: akioshe, akipake mafuta, akivishe shanga, alale nacho. Wakwere, Wakutu, Wadoe na Waluguru nao wanacho, lakini wageni waliokiandika walikihusisha zaidi na Wazaramo. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi na Wazaramo wa Bunju, alieleza kwa kirefu mahali pake katika unyago kwenye kitabu chake cha mwaka 1970. Miaka 20 baadaye Marc Felix akatoa kitabu kizima kilichobeba jina la kitoto hicho.

Anayekiona kwa mara ya kwanza hudhani hakijamalizwa. Ni kigogo cha mviringo, urefu unaotosha kiganja. Kichwa kina mafundo mawili ya nywele yaliyopasuliwa katikati na mfereji. Matiti ni vinundu viwili, kitovu ni kimoja. Mikono hakuna, miguu hakuna. Uso aghalabu ni dalili tu ya uso, na mara nyingine hata dalili haipo. Fundi ambaye kwenye fimbo ya mzee wa ukoo aliweza kuchonga kila kidole, hapa alisimamisha kisu mapema kwa makusudi. Yaliyobaki aliachiwa msichana. Yeye ndiye atakayeamua leo kitoto kinalia, kesho kina homa, keshokutwa kimeshiba. Ukikiangalia cha zamani utaona mti umeng'aa mahali pamoja, kiunoni, pale viganja viliposhika mwaka hadi mwaka. Kwa maana kilirithiwa: bibi alimpa mama, mama akampa binti, na kila mmoja aliongeza mng'ao wake juu ya ule wa aliyemtangulia.

Zilipokosekana mbao, kilitengenezwa kwa kibuyu au kwa gunzi la mahindi. Hapo ndipo watoto wadogo walipoingilia. Mabinti ambao bado sana kuwekwa ndani waliwaona dada zao, wakaokota magunzi, wakayavisha vipande vya khanga na kuyabeba mgongoni. Hakuna aliyewafundisha. Mchezo ulishuka kutoka kwa wakubwa kama maji yanavyoteremka bondeni.

Wamisionari wa Kijerumani walipofika Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890, walikuta mafundi na wateja wao. Waliochukua vinyago kuvipeleka kwao waliandika jina la kabila na jina la mahali. Jina la fundi, kwa vitu vingi vilivyo makumbushoni leo, halikuandikwa. Hata hivyo vitu hivyo vinatunzwa kwenye joto lililopimwa na mwanga uliopunguzwa, wakati huku vilikotoka mwenye chake cha kurithi amekificha chini ya godoro, na mwenye shida amekwisha kukiuza.

Ukitoka nje ya unyago, mashamba ya Kisarawe yalikuwa duka kubwa la vitu vya watoto, na halikufungwa siku yoyote. Chukua jani la muhogo. Kikonyo chake chekundu huvunjwa kidogo upande huu, ngozi ikaachwa isikatike; kisha upande ule, ngozi ikaachwa tena. Ukifika mwisho una mikufu miwili iliyoungana kwenye jani lenyewe, na jani linakuwa kidani kifuani. Mtoto wa miaka minne anaweza kumtengenezea mdogo wake kabla chungu hakijachemka. Ikifika jioni kidani kimenyauka, na hakuna anayelia, maana shamba liko pale pale. Mabua yalitoa magari. Vifuu vilitoa sufuria za kujipikilisha, na viwili vikitobolewa na kutiwa kamba viligeuka viatu virefu vya kutembelea kwa kelele. Ukuti mmoja ulitosha kuwa feni ya kukimbia nayo dhidi ya upepo.

Mpira nao una historia yake. Watoto wa Pwani waliozaliwa katika miaka ya 1980 na 1990 walicheza chandimu kwa mpira wa mifuko ya rambo iliyofungwa kwa kamba ya katani, tabaka juu ya tabaka, na kila mtaa ulikuwa na mtoto mmoja mwenye mkono wa kuufunga ukadunda. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, uamuzi ambao mifereji na ng'ombe wanaushukuru. Sasa kinachojaza mpira ni matambara, soksi kuukuu na vipande vya godoro. Haudundi kama ule wa rambo, lakini dirisha haulivunji.

Haya yote yanashindwa na elfu kumi ya sokoni Kariakoo.

Siku tatu kabla ya sikukuu mitaa ya pale haipitiki. Magari ya plastiki yamepangwa juu ya turubai, midoli yenye nywele za dhahabu imening'inizwa shingo, bunduki zinatoa taa nyekundu na mlio. Mzazi aliyetoka kazini amechoka, daladala haingoji, na mtoto anasubiri kitu. Ananunua kikubwa kuliko vyote kwa hela aliyonayo, kwa kuwa sanduku kubwa linaonekana kutoka mbali. Asubuhi ya Idi gari linaimba wimbo wake mmoja. Mchana linaimba. Baada ya alasiri betri zimelegea na wimbo umekuwa mzito wa kutisha. Siku ya pili gurudumu moja halipo, na gari lenyewe liko juu ya kabati, likingoja mtu wa kulitengeneza ambaye hayupo, maana limeunganishwa kwa gundi na halina skrubu hata moja. Mtoto yuko nje. Anachezea sanduku.

Wazazi wanajua. Wanacheka wakisimulia, na sikukuu ijayo wanarudi pale pale. Kinachosikitisha zaidi ya hela ni kwamba kitu kile kilitoka kiwandani kikiwa kimemaliza kila kitu: sauti kinayo, uso kinao, mwendo kinao, na hadithi yake imechapishwa kwenye sanduku. Mtoto ameachiwa kazi ya kubonyeza. Na aliyekitengeneza hakuuliza chochote kuhusu meno. Hata makampuni makubwa hayakusalimika na pengo hilo la kutojuana. Mwaka 2007 Mattel ya Marekani, mama wa Barbie, ililazimika kuwataka wateja duniani kurudisha vitu vya kuchezea kwa mamilioni, vingine kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi, vingine kwa sababu ya sumaku ndogo ambazo mtoto angeweza kuzimeza.

Si lazima mambo yawe hivi. Mwaka 1932, katika mji mdogo wa Billund nchini Denmark, seremala aitwaye Ole Kirk Christiansen aliona kazi za nyumba zimekauka kwa sababu ya mdororo wa uchumi, akaanza kutengeneza bata na magari ya mbao kwa ajili ya watoto. Karakana hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa LEGO. Karibu miaka 100 kabla yake, mwaka 1837, Mjerumani Friedrich Froebel alianza kuwapa watoto wadogo mipira ya sufu na vipande vya mbao visivyo na sura yoyote, akaviita zawadi. Waliowaza hivyo ugenini wamejengewa sanamu na kuandikiwa vitabu. Nyanya wa Kizaramo aliyejua kwamba gunzi lisilo na uso linatosha hakuandikiwa hata mstari.

Kisarawe mjini maseremala wapo, na kazi wanayo. Kijana anakuonyesha kwenye simu picha ya kitanda cha kifahari, na baada ya wiki kitanda kinatoka, mninga mtupu, kichwani kimechongwa maua. Vipande vinavyobaki chini ya meza yake vingetosha magari, michi, pia na vigari vya kutembelea kwa kata nzima. Vinakusanywa kwenye kiroba na kwenda jikoni. Misitu ya upande huu imeungua kwa namna hiyo hiyo, gunia baada ya gunia la mkaa likielekea Dar es Salaam, na mpingo, ambao huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, umeingia tanuruni pamoja na miti mingine bila kuulizwa thamani yake.

Ukimwambia kijana yule atengeneze gari la mtoto, anauliza picha yake iko wapi. Picha haipo, kwa sababu kitu hicho hakikuwahi kuuzwa kwa picha. Kiliagizwa kwa mdomo na mtu aliyemjua mtoto kutoka kwa mtu aliyeujua mti. Anafikiri kidogo, anasema anaweza kujaribu, lakini baada ya sikukuu, sasa hivi ana oda ya makochi. Hauzi vibaya, wala si mvivu. Hajawahi kuombwa. Waliopaswa kumwomba wako Kariakoo, wanapatana bei ya gari linaloimba.