Kutangulia si Kusababisha

Twataka kusema neno juu ya swali moja la mtihani wa kufikiri. Lasema: Paje kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, baadaye hoteli ziliongezeka, kisha mwani wa kotonii ukafa, basi hoteli ndizo zilizouua. Wanafunzi wengi waliafiki. Lakini wanawake hushuka pwani, kisha maji hujaa. Je, wao ndio walioyaleta? Mwani huo hufa maji ya bahari yazidipo joto, hata pasipo hoteli. Hatusemi hoteli hazina lawama. Twasema swali halikuthibitisha. Asingiziwaye hapati haki, na ugonjwa wenyewe hukaa bila dawa. Basi tuulize kwanza: hoteli zisingalikuwapo, mwani ungalipona?